Yumbe au Wakiso: mashine ya kusaga niipeleke wapi?

Injini_Arua: Salamu wakuu. Niko Arua, Uganda, nimenunua mashine ya kusaga na injini yake ya dizeli kwa mtu aliyefunga kazi. Pesa iliyobaki ni ya kibanda na mafuta ya mwezi mmoja, basi. Shemeji ananivuta Yumbe, kwenye njia ya kuingia Bidibidi, kambi ya wakimbizi. Anasema kambi ilifunguliwa Agosti 2016, na mwaka haujaisha watu walishapita 200,000, sasa wateja nitawakosaje? Dada yangu naye ananiita Wakiso, jirani na Kampala: sensa ya 2014 ilikuta watu kama milioni mbili, ya 2024 wamepita milioni tatu. Niende wapi?

MsagajiMstaafu: Nimesaga Bidibidi miaka minne. Mwanzoni, siku za mgao wa chakula cha msaada, foleni ilianza alfajiri. Mama analeta gunia, hana hela ya kusagisha, anakuachia bakuli la mahindi. Hayo mahindi unayauza mjini, ndiyo mshahara wako. Pale konani tulianza mashine mbili, zikafika saba. Halafu mgao ukapunguzwa, na 2025 wengi wakatolewa kabisa kwenye orodha ya chakula. Watu wapo vilevile, watoto wamejaa. Gunia ndilo halipo.

Mama Kuku: Wakiso usije na mashine ya unga, mwanangu. Huku watu wanalala tu, mshahara uko Kampala. Jioni wanapitia dukani, wanabeba unga wa pakiti. Waliotajirika na huu ujio wao ni wafyatua matofali na mafundi wa madirisha, baadaye saluni na shule za chekechea. Mahindi yanayosagwa ni ya chakula cha kuku, na hiyo biashara inataka mtaji wa kununua dagaa na soya, si injini peke yake. Kodi ya kibanda sikutajii, utalia.

Bodaboda_Koboko: Huyo shemeji hana kibanda cha kukodisha kweli?

Injini_Arua: 😂 Kibanda ni chake.

Bodaboda_Koboko: Nilijua.

Mwalimu K: Yumbe msiizike bado. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, na wengine wanakodi mashamba kwa wenyeji. Ila mteja wako wa kudumu ni mwenyeji mwenye muhogo mkavu, mwaka mzima anasagisha. Badilisha chekecheke la mashine lifae muhogo, ukae karibu na soko badala ya karibu na kambi. Kabla ya kulipa kodi, keti kwa msagaji mwingine siku ya gulio na siku ya kawaida, uhesabu magunia. Ukiona siku ya kawaida injini imezimwa tangu saa nne, rudi nyumbani.

Injini_Arua: Asante, Mwalimu. Jumamosi napanda gari la Yumbe, nalala huko hadi Jumanne. Shemeji simwambii.