Gumzo la ukoo: Mtu akishinda bahati nasibu, nini hubadilika?

Baba Mdogo: Wanangu na ndugu zangu, hamjambo. Nimetumiwa ujumbe unaodai kwamba asilimia 70 ya wanaoshinda bahati nasibu hufilisika baada ya miaka michache. Nimeuleta hapa kwa sababu naona vijana wetu wanazungumzia tiketi kila mara, nami ningependa wajue mwisho wa safari hiyo kabla hawajaianza.

Rehema: Shikamoo Baba Mdogo. Nakubaliana na wewe kuhusu tiketi, lakini takwimu hiyo naomba tusiisambaze. Imekuwa ikihusishwa na taasisi moja ya Marekani, National Endowment for Financial Education, na taasisi yenyewe ilitoa taarifa mwaka 2018 ikisema kwamba haitokani na utafiti wake. Ukitaka hoja ya kuwazuia vijana, ipo iliyo imara zaidi: katika Powerball, bahati nasibu ya Marekani, tiketi moja ina nafasi moja kati ya zaidi ya milioni 292 ya kupata zawadi kuu.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Basi niambie, ikiwa hawafilisiki, hizi habari za washindi walioharibikiwa zinatoka wapi?

Shangazi: Habari zenyewe ni za kweli, kaka. Mimi sijamsahau yule mzee wa West Virginia, Marekani, aliyeshinda karibu dola milioni 315 mwishoni mwa mwaka 2002. Hakuwa maskini, maana alikuwa tayari na kampuni yake ya ujenzi, na mwanzoni alitoa fedha nyingi kwa makanisa na wahitaji. Hata hivyo aliibiwa, akashtakiwa mara kwa mara, na miaka miwili tu baadaye akampoteza mjukuu wake aliyekuwa akimpenda na kummiminia fedha. Mtu akiniambia kwamba fedha za ghafla hazina madhara, humkumbuka mzee huyo.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Sisemi hazina madhara. Ninachosema ni kwamba tunamjua mzee huyo kwa sababu aliharibikiwa, ilhali mshindi aliyelipa deni la nyumba, akaendelea na kazi yake na kusomesha watoto wake bila kelele, hana mwandishi wa habari anayemfuata. Ndiyo maana watafiti wa Sweden waliwatafuta wachezaji wengi wa bahati nasibu kati ya miaka 5 na 22 baada ya droo, wakalinganisha waliopata zawadi kubwa na waliopata ndogo au kukosa kabisa. Waliopata zawadi kubwa walikuwa wameridhika zaidi na maisha yao, na kuridhika huko kulidumu zaidi ya miaka kumi bila kuonyesha dalili ya kufifia.

Tumaini: Dada Rehema, nilipokuwa chuoni tulifundishwa kinyume chake, kwamba washindi hawana furaha zaidi kuliko watu wengine.

Rehema: Huo ni utafiti wa Marekani wa mwaka 1978, mdogo wangu, na ulihusisha washindi 22 tu. Idadi hiyo haitoshi kutoa hukumu juu ya washindi wote duniani. Hata hivyo kuna jambo moja ndani yake ambalo silipuuzi: washindi wale walisema wanapata raha ndogo kuliko majirani zao katika mambo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki au kupata kifungua kinywa. Na hata wale wa Sweden, kilichopanda hasa ni namna walivyoyatathmini maisha yao kwa jumla. Furaha ya siku hadi siku na afya ya akili havikupanda kwa kiwango hicho. Kwa hiyo fedha zilipunguza wasiwasi wa kesho bila kubadilisha sana namna mtu anavyoamka asubuhi.

Tumaini: Kwangu mimi hilo lingetosha. Sihitaji mamilioni ya dola, nahitaji kiasi cha kumaliza madeni tu, nipumue.

Rehema: Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu wewe ndiwe mtu ambaye utafiti wa Florida, Marekani, unamzungumzia. Wachumi watatu walifuatilia watu waliokuwa na hali ngumu ya kifedha wakashinda kati ya dola 50,000 na 150,000, wakawalinganisha na walioshinda chini ya dola 10,000. Katika miaka miwili ya mwanzo, walioshinda zaidi hawakuwa wakitangaza kufilisika kwa wingi kama wenzao, na mtu angedhani kwamba tatizo limekwisha. Kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano idadi yao ikapanda, hadi makundi yote mawili yakawa sawa. Zawadi iliahirisha kufilisika, haikukuzuia, ingawa kwa mshindi wa kawaida katika kundi lile fedha zilitosha kulipa madeni yake yote yasiyo na dhamana, yaani yasiyowekewa rehani. Mimi siamini kwamba watu wale walikuwa wapumbavu. Naamini kwamba deni mara nyingi hutokana na mpangilio mzima wa matumizi, mapato na watu wanaokutegemea, na mpangilio huo hubaki palepale siku hundi inapoingia benki.

Shangazi: Mali bila daftari hupotea bila habari, Tumaini. Daftari lianze sasa, wakati huna kitu.

Tumaini: Nimekuelewa Shangazi, na nakushukuru dada. Je, watu huacha kazi?

Rehema: Wengi hawaachi. Hupunguza saa za kazi au huamua kustaafu mapema kidogo. Huko Sweden mapato ya kazi yalishuka kwa takriban asilimia 1 ya thamani ya zawadi kila mwaka, jambo ambalo ni dogo kuliko watu wanavyodhani.

Mama Mkubwa: Nimesoma yote kwa utulivu, na naona tunamzungumzia mshindi kana kwamba anaishi peke yake kisiwani. Mimi nataka tuwazungumzie wanaomzunguka, yaani sisi. Mtu anaposhinda, yeye hubadilika kidogo, lakini simu yake hubadilika siku hiyohiyo. Anayempigia kumjulia hali anashukiwa kuwa anataka kitu, asiyepiga anaonekana ana kinyongo, na kila anayepewa anajua kwamba mwenzake amepewa zaidi. Baada ya muda mshindi hawezi tena kutofautisha upendo na ombi, na hapo amepoteza kitu ambacho hakukiuza kwa hiari. Ninaamini kwamba huu ndio umaskini unaowapata wengi wao, na hauonekani katika hesabu za kufilisika.

Rehema: Shikamoo Mama Mkubwa. Hata majirani hawabaki salama. Nchini Kanada, watafiti waliangalia mitaa midogo ambamo mtu mmoja ameshinda, wakakuta kwamba kadiri zawadi ilivyokuwa kubwa ndivyo majirani zake walivyozidi kutangaza kufilisika katika miaka iliyofuata, na waliofilisika walikuwa na vitu vingi vya kuonekana, kama magari na nyumba. Uholanzi pia, ambako kuna bahati nasibu inayochezwa kwa namba ya posta ya mtaa mzima, wasioshinda wanaoishi karibu na washindi walionekana kununua magari zaidi.

Mama Mkubwa: Marahaba. Ndiyo maana mimi naona jambo la kwanza ni mshindi kunyamaza. Kuna nchi, kama Uingereza, ambako mshindi anaruhusiwa kukataa kutangazwa, na China washindi huonekana wakipokea hundi wakiwa wamevaa vinyago, ingawa kuna majimbo mengi ya Marekani ambako jina lazima litolewe. Jambo la pili ni kutofanya uamuzi wowote mkubwa mpaka amezungumza na mwanasheria na mhasibu ambao si ndugu zake. Jambo la tatu linatuhusu sisi: tukubaliane hapa kwamba mmoja wetu akipata fedha nyingi kwa ghafla, hakuna atakayemwomba chochote kwa mwaka mzima, hata mkopo.

Baba Mdogo: Shemeji, nakuheshimu sana, lakini hilo la mwisho siliafiki. Ukoo ni kubebana. Kama mmoja ameshiba na mwingine ana mgonjwa hospitalini, nitamwambiaje mwenye mgonjwa anyamaze mwaka mzima?

Mama Mkubwa: Mgonjwa tutamchangia wote kama tunavyofanya sasa, na aliyeshinda atachanga kama sisi, au zaidi akipenda mwenyewe. Ninachokataa ni kumfanya yeye awe mlango pekee ambao kila shida ya ukoo inabisha.

Shangazi: Huko Hispania watu wana desturi ya kugawana tiketi ya bahati nasibu ya Krismasi katika vipande, ndugu na wafanyakazi wenza wakichanga pamoja. Mwaka 2011 kijiji cha Sodeto karibu kila nyumba ilishinda. Nadhani kushinda kwa namna ile ni kwepesi zaidi, kwa sababu hakuna aliyebaki na fungu la mwenzake mkononi. Kwetu angeshinda mmoja tu, na ndiyo maana namuunga mkono Mama Mkubwa, ila mwaka mzima naona ni mrefu. Miezi sita inatosha.

Tumaini: Mimi nisingeweza kuwaficha. Ningewaambia siku ileile.

Mama Mkubwa: Ungetuambia, na kufikia jioni ungeanza kutuogopa. Mwambie mkeo, kisha mwanasheria. Sisi tusubiri.

Baba Mdogo: Nitamwandikia aliyenitumia ule ujumbe nimwambie kwamba takwimu haina msingi. Rehema, naomba uniandikie kwa ufupi hayo ya Sweden na Florida ili nimpe badala yake. Kuhusu pendekezo la shemeji, bado sijakubali, na ningependa tulijadili tutakapokutana ana kwa ana, kwa sababu naona linagusa namna tunavyosaidiana hata leo ambapo hakuna aliyeshinda chochote.

Rehema: Nitakuandikia usiku huu, Baba Mdogo.