Mjadala: Mchanga uliolowa oili Lamu, dawa kwanza au bakteria kwanza?

Mtoa mada: Karakana za boti zetu zina doa jeusi chini. Dizeli humwagika, oili chafu humwagwa, mchanga hunywa. Sasa wako wanaosema tumwage kemikali ya kuvunja mafuta, kisha bakteria wamalizie. Naunga mkono, ila si kwa mpango huo.

Mafuta mepesi ya dizeli bakteria huyala wenyewe, wakipata hewa, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fuo zilitiwa mbolea kwa sababu hiyo. Kinachowashinda ni masalio mazito. Hapo dawa, yaani kemikali kama haidrojeni peroksaidi au pasalfeti, huyakatakata yakawa vipande wanavyoviweza. Lakini dawa haichagui: ikizidi huua na bakteria, ukangoja warudi. Basi bakteria waanze, dawa ije baadaye, kidogo, pale palipokataa.

Tena ardhi yetu ni matumbawe. Peroksaidi ikichochewa na chuma hufanya kazi vizuri zaidi kwenye asidi kali, pH (kipimo cha asidi) karibu 3. Chokaa ya matumbawe huimaliza asidi hiyo. Utamwaga madumu kwa madumu, pesa zinazama.

Wa Langoni: Maalim, bakteria ni kazi ya miezi. Chimbeni, pakieni jahazini, pelekeni bara.

Wa Mokowe: Bara ndiyo kwetu. Msituletee.

Wa Shela: Mie nauliza visima. Maji matamu ya mji yako chini ya vilima vya mchanga vya huku. Vipande hivyo vilivyokatwa huyeyuka majini kuliko mafuta yenyewe, na kama udongo una madini ya kromu, dawa hizo zaweza kuigeuza ikawa ile yenye sumu zaidi, itembeayo na maji. Nani atapima?

Mtoa mada: Hapo sina ubishi. Karibu na visima dawa isiguse kabisa, hata doa likae. Kwingine, chota mchanga wa doa, utie mapipani, jaribu vipimo tofauti vya dawa, uhesabu bakteria kabla na baada. Asiyetaka jaribio la pipa asikabidhiwe kiwanja.

Wa Langoni: Na gharama? Mwenye karakana atasema oili ni ya mwenye boti.

Mtoa mada: Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mchafuzi alipe. Mimi ningeanza na mwenye karakana, kwani doa liko kwake. Yeye na wateja wake wadaiane.

Wa Mokowe: Na karakana iliyofungwa, mwenyewe kahama?