Naomba ushauri: mdogo wangu alipona sumu ya dawa ya wadudu, sasa miguu imekosa nguvu

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu alilowa mgongo mzima na dawa ya kuua wadudu, zile za jamii ya oganofosfeti, baada ya pampu kuvuja. Alifika hospitali akitokwa jasho na mate, mboni za macho zimesinyaa, kifua kinakoroma. Wakamchoma atropini, akatulia. Tukadhani yameisha.

Siku ya tatu hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto, pumzi ikapungua, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Daktari alitueleza kwamba udhaifu huo huja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, na kwamba atropini hukausha majimaji lakini hairudishi nguvu za misuli.

Akarudi nyumbani anatembea mwenyewe. Wiki ya tatu nyayo zikaanza kuwaka moto kisha ganzi, vigimbi vinakaza usiku, na sasa anainua goti juu sana ili vidole visikwaruze sakafu. Hata kikombe kinamponyoka. Tumeambiwa neva ndefu zimeathirika, na hilo huchelewa kujitokeza.

Aliyepitia au kuuguza hali hii, mazoezi ya viungo yalianza kuleta tofauti baada ya muda gani? Kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu kinasaidia? Kipimo cha neva kinarudiwa lini? Dawa za kunywa zisizotoka kwa daktari sitampa, ameshaumia vya kutosha. Kinachonitisha zaidi ni kwamba ameanza kukataa kutoka kitandani. Mlimtiaje moyo mgonjwa wenu?