Baba mkubwa aandikweje kwenye kadi ya harusi?

Swali: Ninajaza kadi za harusi ya mdogo wangu hapa Dar es Salaam, na nimekwama kwenye ile mistari ya nukta. Je, baba mkubwa niandike "Baba Mkubwa" kama tunavyomwita nyumbani, au jina lake kamili? Shangazi naye amefiwa na mume.

Jibu: Kadi inasema "Familia ya Bw. na Bi. fulani inayo furaha kukualika", maana yake wanaoalika ni wazazi wenu, na kwa baba yako, huyo baba mkubwa ni kaka. Andika "Mzee", au "Alhaji" ikiwa amehiji, kisha jina kamili. "Baba Mkubwa" mtamkie mnapompelekea kadi kwa mikono miwili.

Jibu: Naafiki, ila shangazi asiandikwe "Bw. na Bi." kwa mazoea. Sisi tulikosea hivyo kwa mama mdogo. Aliitazama kadi, akairudisha ndani ya bahasha bila neno. "Bi." na jina lake mwenyewe panatosha.

Jibu: Shangazi mpe kadi ya dabo, yaani ya watu wawili, si singo, aje na binti yake.

Muulizaji: Nashukuru. Ya baba mkubwa nitaipeleka mwenyewe Jumamosi.