Mchango wa hitma na magazijuto

Ami Khamis: Assalaamu alaykum wanangu. Hitma ya Babu ni Jumapili hapa Wete. Inatakiwa laki sita. Nyumba mbili, ya Wete na ya Unguja, kila moja wana wa kiume 3 na wa kike 2. Mchango wa kila mmoja ni 600,000 ÷ 2(3+2). Msichelewe.

Da Mwanaisha: Waalaykum salaam Ami. In shaa Allah.

Sule: Ami!! Simu yangu inanambia 1,500,000 kila mtu 😳 Tunachinja ng'ombe wangapi?

Da Mwanaisha: Lo! Mie najitoa kikundini 😂

Ami Khamis: Simu yako mbovu. Ni elfu sitini.

Sule: Si mbovu Ami. MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano kwanza, 5. Kisha ga: laki sita kwa 2, laki tatu. Kisha zi: mara 5. Milioni na nusu.

Da Mwanaisha: Nimechukua kalkuleta ya skuli ya mwanangu, Casio. Inasema 60,000. Sasa yupi mwongo?

Mwalimu Zuhura: Hakuna mwongo. Ami hakutia alama ya kuzidisha baina ya 2 na bano. Hiyo Casio ikiona 2 imegandana na bano huihesabu kitu kimoja, huzidisha mwanzo ndo ikagawa. Simu ya Sule inakwenda kushoto kulia tu. Mwaka 2019 watu walitetana mitandaoni dunia nzima kwa 8 ÷ 2(2+2). Hawa 16, hawa 1.

Ami Khamis: Siye tulivyosomeshwa, ikigandana haiachani.

Mwalimu Zuhura: Na kwenye aljebra wengi husoma hivyo hivyo. 6 ÷ 2a, nani atakwambia ni 3a? Lakini Sule naye kafuata kanuni yake. Kilichoharibika ni mwandiko, unisamehe Ami. Hata viwango vya kimataifa vya alama za hisabati, ISO 80000-2, vinasema hiyo ÷ isitumike. Piga mstari, weka namba juu na chini, ugomvi umekwisha.

Sule: Kwani GA haimtangulii ZI?

Mwalimu Zuhura: Cheo chao kimoja. Aliye kushoto ndo huanza. JU na TO vivyo hivyo. Kutangulia kwenye jina si kutangulia kwenye hesabu.

Sule: Aa, hapo sikubali. Siye tuliambiwa JU kwanza!

Shangazi Bimkubwa: Sule mwanangu, nilikuwa na kuku 12, nikachinja 4, jirani kanletea 2. 12 − 4 + 2. Ukianza kujumlisha unanibakishia 6. Njoo bandani uwahesabu, wako 10.

Sule: 🙈

Ami Khamis: Haya, naandika upya. 600,000 ÷ (2 × (3+2)). Elfu sitini, na Sule akitaka kutoa milioni na nusu simzuii.

Da Mwanaisha: Yangu nishatuma Ami.

Shangazi Bimkubwa: Na hao kuku wangu 10 msiwatie kwenye hesabu ya hitma.