Naomba ushauri: nimeitwa kufanya kazi bila malipo kama sehemu ya usaili

Ndugu wanachama, salamu. Naomba ushauri wenu, hasa wa wale wanaoajiri au wanaoifahamu sheria ya ajira.

Niliomba nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni moja ya usambazaji iliyoko Industrial Area, hapa Nairobi. Mtihani wa hesabu ulifanyika mtandaoni, usaili ukafuata, na kwa hayo sina neno. Hatua ya tatu ndiyo inayonitatiza: nilitumiwa taarifa ya malipo ya M-Pesa ya mwezi mzima ili niilinganishe na ya benki, nikaona kwamba majina na nambari za simu ni za wateja halisi, wala hakuna aliyejali kuzificha. Niliikamilisha. Sasa wanataka nifike ofisini kwa wiki mbili za "kupimwa", bila mkataba, bila hata nauli ya matatu.

Nilimwandikia afisa husika kuulizia malipo, akajibu kwamba huo ndio utaratibu wao kwa waombaji wote. Nimesoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 42 kinataja muda wa majaribio usiozidi miezi 6, lakini naona kinamhusu aliyekwisha kupewa mkataba, si mwombaji kama mimi.

Je, wiki hizo mbili zinahesabiwa kisheria kuwa kazi inayostahili malipo? Na niwajibu vipi kwa adabu, nikiomba angalau makubaliano ya maandishi, bila kuonekana mjuaji na kuikosa nafasi yenyewe? Wanasubiri jibu langu Ijumaa.