Nitajuaje kama yai linatoka ilhali hedhi siioni?

Bi Arusi wa Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 29, nimeolewa mwaka wa tatu sasa, na imepita miezi 14 tangu nidungwe sindano ya mwisho ya kupanga uzazi, ile ya kila miezi mitatu. Baada ya kuiacha, hedhi ilirudi mara mbili, tena kwa matone tu, kisha ikakatika kabisa. Huu ni mwezi wa saba sijaona kitu. Kipimo cha mimba nimekifanya mara 3, na mara zote hakuna.

Shida yangu ni hesabu. Kila ninapouliza naambiwa nihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu, nami siku hiyo sina. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vile vijiti vya mkojo vya kuonyesha siku za yai, nikawa napima kila siku baada ya alasiri. Katika siku 12, siku 9 mstari wa pili ulikoza sawasawa na ule wa kulinganishia. Nimevipanga vyote juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni, kila kimoja nimekiandikia tarehe kwa kalamu, na mume wangu akipita huuliza kama leo ni leo. Tumechoka sote wawili. Je, siku hizo 9 zote nilikuwa na yai? Mama mkwe naye ameshaleta chupa ya pili ya mizizi ya kuchemsha. Nimeipokea kwa heshima, ila sijainywa.

Umm Pacha, Likoni

Waaleikum salaam, dada yangu. Umenikumbusha mwaka wangu mzima niliopoteza kwa vijiti hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikiviona vimekoza nikafurahi, kumbe ovari zangu zilikuwa na vifuko vingi vidogo vidogo ambavyo havikomai, na homoni ya LH, ambayo ndiyo kijiti kinaitafuta, ilikuwa juu wakati wote. Hakuna aliyenieleza hayo dukani. Niliyajua siku nilipofanyiwa picha ya ultrasaundi na vipimo vya damu, baada ya kuvuka feri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Usivunjike moyo, lakini pia usinunue pakiti nyingine kabla hujajua kwa nini hedhi imekatika.

Mkunga mstaafu, Tudor

Mwanangu, aliyotangulia kukueleza Umm Pacha ni kweli, nami nitaongeza machache.

Kijiti hakioni yai. Kinaona homoni ya LH inayopanda kwa ghafla, na kwa kawaida yai hutoka saa 24 hadi 36 baada ya kupanda huko. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa kawaida huona mstari ukikoza siku moja au mbili, kisha ukafifia. Siku 9 si kupanda kwa ghafla. Hiyo ni homoni iliyokaa juu, au inayojaribu kulisukuma yai mara kwa mara bila kufaulu. Huenda ni vifuko vingi kama vya mwenzako. Mara chache huwa ni ovari zinazochoka kabla ya miaka 40, nayo hali hiyo hujulikana kwa kupima damu homoni ya FSH. Sindano nayo huchelewesha uzazi, kwa kawaida kama miezi 10 tangu ile ya mwisho na kwa wengine zaidi ya mwaka, lakini kwa miezi 14 nisingeridhika kuitupia lawama peke yake. Mwombe daktari wa wanawake apime pia prolaktini, ile homoni ya maziwa, na tezi ya thairoidi, na umweleze kama umepungua au kuongezeka uzito, kama unaota nywele kidevuni, kama maziwa yanatoka matitini ilhali hunyonyeshi. Usione haya. Watu huambiwa wasubiri mwaka mmoja kabla ya kumwona daktari, lakini ushauri huo ni wa wanaoona hedhi zao. Wewe nenda sasa.

Jambo la pili ni kwamba yai hutangulia na damu hufuata, karibu wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mtu asiyeona hedhi anaweza kushika mimba bila kuona hata tone, na ndiyo sababu tunapima mimba kwanza kabla ya dawa yoyote. Hiyo mizizi iache chupani. Hatujui ina nini, nawe huenda ukawa na mimba usiyoijua.

Kinachoweza kukusaidia nyumbani bila tarehe ni ute. Ukiona ute mwangavu, unaovutika kati ya vidole kama weupe wa yai la kuku, jueni kwamba hizo huenda zikawa siku zenyewe, zile tulizokuwa tukifundishwa kuziita siku za hatari. Wenye vifuko vingi huweza kuuona ute huo mara nyingi bila yai kutoka, kwa hiyo si ushahidi, ni dalili. Joto la mwili ndilo huthibitisha, ila kwa kuchelewa: hupanda kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5 baada ya yai kutoka na likabaki juu. Hupimwa kabla hujainuka kitandani, saa ile ile kila siku, kwa kipimajoto kinachosoma desimali mbili. Mwezi wa Ramadhani, ukiamka kula daku na kulala tena, namba zitakuchezea shere.

Kuhusu hesabu ya siku, iacheni. Mbegu ya mwanamume huishi hadi siku 5 ndani ya mwili, yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu, hakuna yai litakalowapita.

Baba Swafiya, Changamwe

Shemeji, neno moja tu. Mumeo naye akapime manii mapema. Sisi tulimzungusha mke wangu hospitalini mwaka na zaidi, na ilipofika zamu yangu majibu yalitoka kwa siku moja.

Bi Arusi wa Kisauni

Mungu awalipe kheri. Nimepata miadi Jumanne. Ila maabara moja ya mtaani iliniambia nirudi "siku ya 21" kupima progesteroni. Siku ya 21 kutoka wapi? Na nikipewa vidonge vya kuleta hedhi, damu ikija, ndiyo nimepona?

Mkunga mstaafu, Tudor

Swali zuri, mwanangu. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, kwa sababu progesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, hupimwa kama siku 7 baada ya yai kutoka. Kwako wewe namba hiyo haina maana. Kipimo kifanywe wiki moja baada ya joto kupanda, au daktari akirudie kila wiki. Njia iliyo wazi zaidi ni ultrasaundi za kufuatana, ambapo kifuko kimoja huonekana kikikua hadi milimita 18 au zaidi, kisha hakipo, yaani yai limetoka.

Vidonge vya kuleta hedhi huleta damu tu, havilifanyi yai litoke. Kutoka kwa damu hiyo kunamwonyesha daktari kwamba homoni ya estrojeni unayo na njia ya damu iko wazi, na kunampa siku ya kwanza ya kuhesabia, pengine akuanzishie letrozole, dawa ya kusaidia yai litoke, kwa siku 5. Dawa hiyo usijinunulie.

Hivyo vijiti vya dirishani usivibebe Jumanne. Kijiti husomwa ndani ya dakika chache kama pakiti inavyoelekeza, na kikikauka rangi yake hubadilika. Kama ulikuwa ukivilinganisha jioni mumeo anaporudi, hata zile siku 9 huenda hazikuwa 9.

Bi Arusi wa Kisauni

Nilikuwa nikivilinganisha jioni.